UZI: Kazi za nyumbani ziishe Jumamosi, Jumapili mchana ubaki mtupu, ndo Jumatatu itaingia kwa utulivu

MamaWaGoba (mtoa mada)

Habari za wikiendi wakuu. Huu uzi nauandikia hasa sisi wa Dar tunaoamka saa kumi na nusu alfajiri siku za kazi, maana basi la shule linapita saa kumi na moja na nusu na barabara ikishajaa ndo basi tena. Kuna kitu nakiona kwa majirani, ofisini, hata kwa ndugu zangu, ikifika Jumapili saa kumi na moja jioni watu roho zinaanza kwenda mbio, sare haijakauka, mtoto ndo anakumbuka mwalimu kasema aje na manila, mita ya LUKU (umeme wa kulipia kabla) inalia, mboga ya kesho hakuna, afu mtu anaanza kufua saa moja usiku huku anajibu meseji za kazi. Analala saa sita, anaamka kachoka, na wiki nzima inaenda hivyohivyo. Wengi wanaita hiyo uvivu wa Jumatatu, mi naamini sio uvivu kabisa, tatizo ni kwamba kazi zote tumezirundika Jumapili jioni.

Msimamo wangu ni huu, na nausema kwa moyo wote kwa sababu umebadilisha nyumba yangu: maandalizi ya wiki ni kazi ya Ijumaa jioni na Jumamosi, na Jumapili kuanzia saa nane mchana usipange kitu. Kitu chochote. Ukipanga cha saa tisa tu, ule mchana wote unakuwa wa kusubiri hicho cha saa tisa.

Tuanze na Ijumaa maana wengi wanaisahau. Mtoto akirudi shule Ijumaa, sare inavuliwa na inaloekwa palepale, kola na soksi zinasuguliwa jioni hiyohiyo na kuanikwa. Msimu wa masika, Machi mpaka Mei, hii ndo inaokoa, kwa sababu nguo ya Jumapili asubuhi ikipigwa na mvua ya mchana haikauki tena, ila ya Ijumaa ina siku mbili za kutafuta jua. Usiku kabla ya kulala loweka maharage. Begi la shule lifunguliwe Ijumaa pia, sio Jumapili usiku, hapo ndo utakuta karatasi ya mchango, manila, daftari lililoisha, na una siku mbili za kwenda stationari badala ya kugonga duka la mtu saa tatu usiku.

Jumamosi asubuhi ni soko na jiko. Mi naenda soko mapema kabla jua halijawa kali, watu wa huku kwetu wengine wanashuka Mabibo kwa ndizi na matunda, wa mjini wanapita Feri kwa samaki, kila mtu na upande wake. Andika kabla hujatoka, anza na vyakula utakavyopika Jumatatu hadi Ijumaa ndo uende kwenye vitu vya kununua, maana ukienda kwa kuangalia tu unarudi na hoho nyingi na vitunguu umesahau.

Jikoni sipiki chakula cha wiki nzima, sipendi na watoto hawakipendi. Napika vile vinavyokula muda. Maharage yaliyolala kwenye maji namwaga yale maji, naweka mapya, nayachemsha vizuri mpaka yaive kabisa, presha kuka inapunguza gesi sana hapa. Yakiiva yanagawanywa kwenye makontena madogo, ya Jumapili na Jumatatu yanakaa frijini, mengine frizani. Nyanya, vitunguu, karoti na hoho nazisaga nakaanga mpaka maji yanakauka, nayo nagawa kidogokidogo, kwa hiyo Jumatano jioni natoa kontena moja la nyanya na moja la maharage, natia tui, baada ya dakika ishirini watu wanakula. Kitunguu swaumu na tangawizi nasaga pamoja. Kisamvu nacho kinataka kutwangwa na kuchemshwa muda mrefu, sasa Jumatano saa moja usiku nani ana muda huo, kichemshe Jumamosi ukigandishe, siku ya kula unaunga na nazi na karanga. Mchicha na matembele hapana, hayo nunua siku hiyohiyo kwa mama wa genge.

Angalizo kwenye joto letu, chakula kilichoiva usikiache mezani mpaka jioni eti kipoe. Kigawe kwenye vyombo vipana visivyo na kina ili kipoe haraka, ndani ya saa moja au mbili kiwe frijini. Cha frijini kisizidi siku tatu nne, kinachobaki kigande. Na wali ndo wa kuangalia zaidi, kuna vijidudu havifi kwa kupika, wali ukikaa kwenye joto vinaanza kuzaana na kutoa sumu, na ukipasha moto sumu ile haitoki.

Kingine cha Jumamosi ni pasi. Zote kwa mkupuo mmoja jioni, wakati nguo zina unyevu kidogo, pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima inakula uniti moja, lakini kila asubuhi kuiwasha upya kwa shati moja unapoteza umeme na dakika ambazo huna. Natundika seti kwa siku, ya Jumatatu mbele, na viatu vinapigwa kiwi na watoto wenyewe, hiyo kazi ni yao. LUKU nanunua Jumamosi pia, na ndoo na simtanki vinajazwa siku maji yakitoka.

Sasa Jumapili. Asubuhi ni ibada, sisi tunaenda misa ya kwanza, na jirani zangu Waislamu watoto wao wanakuwa madrasa, kwa hiyo mtaa wote uko kwenye utaratibu. Tukirudi tunakula pamoja bila haraka. Binti akihitaji kusuka, inafanyika baada ya misa ili ikifika saa nane kichwa kimekwisha. Halafu mchana ni wa kulala kidogo, kukaa barazani, kumpigia mama simu na kuongea naye mpaka maneno yaishe, watoto wacheze. Hapo ndo kichwa kinapumzika kweli, na nawaambia ndugu zangu huu muda msiuone wa kupoteza, mtu aliyepumzika Jumapili mchana anaongea na wanae vizuri Jumatatu alfajiri, na mtoto anayeongeleshwa vizuri alfajiri anaingia darasani akiwa sawa.

Jioni saa moja nakaa na daftari robo saa hivi. Nani anatoka saa ngapi, nani anampokea nani, kuna kikao gani, nauli na chenji zipo, kadi ya mwendokasi ina salio? Naandika mambo matatu ya kufanya Jumatatu ofisini halafu nafunga. Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Baylor cha Marekani wa 2018, walichukua vijana 57, nusu wakaandika mambo wanayotakiwa kufanya siku zijazo, nusu wakaandika waliyokwisha yafanya, wale wa kwanza walipata usingizi haraka zaidi, kama dakika tisa. Ni kundi dogo lakini naona inaendana kabisa na ninachokiona, jambo likishaandikwa kichwa kinaliachia.

Kuna kitu kimoja kigumu kuliko vyote na nataka tukijadili kwa uwazi, nacho ni ratiba ya watu wengine. Hapa mjini wikiendi ina vikao vya harusi, kitchen party, sendoff, kikoba cha Jumapili, ubarikio, kipaimara, arobaini. Msiba hauna ratiba, msiba ukitokea tunaacha kila kitu tunaenda, hilo halina mjadala kwangu. Lakini hayo mengine nimeamua shughuli moja kwa wikiendi, na iwe Jumamosi baada ya saa tisa. Kikao cha harusi unaweza kutuma mchango na kuomba udhuru mapema, kamati inachotaka hasa ni ahadi yako ikamilike. Na kikoba chetu tuliongea tu tukakisogeza Jumapili hiyohiyo kiwe mara baada ya ibada, saa tano, wala hakuna aliyepinga, kumbe wote walikuwa wanachoka.

Karibuni mchangie, nyumba zenu mnaendeshaje?

---

Mkaa_Kibamba

Dada umeandika vizuri ila niulize kitu, hizi kazi zote za Jumamosi anafanya nani? Maana nimesoma soko, jiko, pasi, sare, begi, nikaona ni mtu mmoja anapiga kazi siku nzima ili wengine wapumzike Jumapili. Mi ni baba na nasema wazi, wanaume wengi huku kwetu Jumamosi tunaamka saa nne, tunaenda kuosha gari, mpira, tunarudi usiku tunakuta kila kitu tayari afu tunasema wikiendi ilikuwa nzuri. Kwangu tuligawana, soko la Jumamosi ni langu na watoto wawili wakubwa, mke wangu hakanyagi soko, na pasi ni yangu. Yeye jiko. Tunamaliza saa saba mchana wote tumechoka sawasawa, tunakula, kila mtu na hamsini zake. Simba na Yanga naangalia kama kawaida hakuna kilichopungua.

MamaWaGoba

Mkaa_Kibamba ubarikiwe mkuu, hili nilitakiwa kuliweka juu kabisa. Kwetu baba ndo mtu wa LUKU, maji na viatu, na Jumapili jioni tunakaa wote kwenye lile daftari, sio mimi peke yangu, kwa sababu kazi kubwa ya mama wa nyumbani ni ile ya kukumbuka, ukigawana kufua lakini kukumbuka kote kukabaki kwa mtu mmoja, huyo mtu hajapumzika. Na niongeze la dada wa kazi, jamani. Dada akianza Jumatatu alfajiri na akaendelea mpaka Jumapili usiku, huyo wikiendi yake iko wapi? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema mfanyakazi apate mapumziko ya angalau saa 24 kila wiki, na dada wa nyumbani ni mfanyakazi kama wewe uliye ofisini. Kwangu Jumapili ni ya dada, akitoka kanisani aende kwa ndugu zake, arudi jioni. Utulivu wa nyumba usijengwe juu ya mgongo wa mtoto wa mwenzio.

---

Nesi wa Zamu

Niongezee upande wa afya. Wengi Ijumaa na Jumamosi wanalala saa nane usiku na kuamka saa tano asubuhi, halafu Jumapili wanataka walale saa tatu usiku, haiwezekani, mwili haujafika huko bado. Saa ya mwili imesogea mbele, ni sawa na mtu aliyepanda ndege kwenda nchi yenye majira tofauti bila kutoka nyumbani kwake. Mtafiti mmoja wa Ujerumani anaitwa Till Roenneberg na wenzake waliieleza hali hii kwenye utafiti wa 2006. Ushauri wangu, wikiendi amka usizidishe saa moja hivi kutoka muda wako wa kawaida, usingizi uliokosa ulipe kwa kulala mapema Jumamosi au kajiusingizi ka mchana kafupi kabla ya saa tisa. Ukiamka toka nje upate mwanga wa asubuhi, ndo unaopanga saa ya mwili. Chai kali na kahawa Jumapili mwisho saa nane mchana, kafeini nusu yake inakuwa bado iko mwilini baada ya kama saa tano. Na watoto wa shule ya msingi wanahitaji saa 9 mpaka 12, sasa mtoto anayeamshwa saa kumi na nusu, piga hesabu mwenyewe alitakiwa alale saa ngapi.

MamaWaGoba

Asante sana nesi. Hiyo hesabu ya watoto inauma, kwa wanangu inamaanisha saa moja na nusu usiku wawe kitandani na tunapambana tufike hapo. Ndo maana chakula cha jioni cha Jumapili nakitoa saa kumi na mbili, na kwa vile kipo tayari tangu Jumamosi, inawezekana.

---

Kijana_Sinza

Mi nimepanga chumba kimoja, sina friji, jiko ni la gesi la plate moja. Hizi habari za kontena zinanihusu vipi?

MamaWaGoba

Zinakuhusu mdogo wangu, tena kwako ni rahisi. Usipike kabla, andaa kabla. Jumamosi chambua mchele na maharage ya wiki nzima uweke kwenye makopo yanayofunga. Dagaa toa vichwa, osha, anika, kaanga mpaka wakauke kabisa, wakipoa funika vizuri, wanakaa siku kadhaa bila friji na siku ya kula unaongeza nyanya na kitunguu tu. Karanga kaanga na saga. Viazi, vitunguu, mayai na unga vinakaa bila shida. Mboga za majani na nyanya nunua kila siku kidogo. Usifanye yale ya kupika mchuzi Jumapili na kuupasha mpaka Jumanne, joto la Sinza hilo halikubali. Na nguo zako, huna watoto, Jumamosi saa mbili ukiamka na beseni mpaka saa nne umemaliza.

Fundi Majokofu

Hapo kwenye friza niwasaidie wenye nayo, maana watu wanaogopa umeme ukikatika chakula chote kinaoza. Friza iliyojaa ukiacha mlango umefungwa inashika baridi kama saa 48, iliyojaa nusu kama saa 24. Friji ya kawaida saa 4 tu. Kwa hiyo umeme ukikatika msifungue fungue kuchungulia. Kama friza yako ina nafasi wazi, jaza chupa za maji zigande, zinasaidia kushika ubaridi. Na usiingize chungu cha moto ndani, unaifanyisha mashine kazi na unapasha vilivyo jirani.

---

Mkenya_Kayole

Nawasoma kutoka Nairobi. Huku Jumapili ndio ya kuchemsha githeri (mahindi na maharagwe pamoja) na maharagwe ya wiki, watu wanaweka kwa mikebe kisha kwa friza, kila siku unakaanga na kitunguu na nyanya unaweka viazi na imeisha. Sukuma unanunua kwa mama mboga akikukatia jioni ukitoka job. Lakini umenifungua macho kuhusu kuhamisha hiyo kazi Jumamosi, kwa sababu kweli Jumapili jioni nyumba yote inanuka mvuke na mimi sijakaa chini. Nguo naitia mama fua Jumamosi, huyo namlipa siku hiyohiyo kabla hajatoka kwa mlango, sio ile ya kuambiwa nitakutumia kesho.

---

BintiMalindi_Muscat

Assalaam alaykum. Mie niko Muscat, wikiendi yetu ni Ijumaa na Jumamosi, ilibadilishwa Mei 2013, kabla ya hapo ilikuwa Alhamisi na Ijumaa. Kwa hivyo wiki yetu inaanza Jumapili nyie mkiwa bado mmelala. Hili la shoga yangu wa Goba tunalifanya ila kwa siku zetu, Alhamisi jioni ndio ya kufua na soko, Ijumaa asubuhi tunajitayarisha kwa sala, baada ya sala ni chakula cha pamoja kwa wazee, na hapo hapana kazi yoyote mpaka magharibi. Jumamosi ndio nnapiga pasi na kupanga nguo za skuli. Tabu yetu ni kwamba jamaa wote wa Zanzibar wako kazini siku yetu ya Ijumaa na wakipumzika wao Jumapili sisi tuko kazini, basi mamangu nimempangia Jumamosi baada ya alasiri, huko kwao saa ziko nyuma kwa saa moja, anajua na anakaa karibu na simu.

MamaWaGoba

Waalaykum salaam mpenzi. Hii imenifurahisha, kumbe sio jina la siku, ni ule mpangilio, kazi zitangulie na mapumziko yafuate karibu na mwanzo wa wiki. Na hiyo ya kumpangia mama siku na saa nimeipenda, wazee wanapenda kujua lini.

---

Muuza_Spea

Hongereni mnaopumzika Jumamosi. Sisi wa maduka Jumamosi ndo siku ya mauzo, tunafunga saa moja usiku, tuna Jumapili tu. Jumapili hiyohiyo ndo kufua, kanisa, kikao, kila kitu. Hapo unanishauri nini, maana nikiacha mchana mtupu kazi zinaenda wapi?

MamaWaGoba

Mkuu nimekuelewa na najua mko wengi, sheria yenyewe inaruhusu siku 6 za kazi kwa wiki. Kwa mtu wa siku moja mi ningefanya hivi. Kazi zigawe kwenye jioni mbili za katikati, mfano Jumatano jioni soko dogo na kuloweka maharage, Alhamisi jioni kuchemsha wakati unakula, inapikika yenyewe. Nguo usisubiri zijae, kila siku ukitoka kuoga fua ya ndani na shati la siku hiyo, dakika tano, Jumapili unabaki na mashuka tu. Kama mfuko unaruhusu mlipe mtu wa kufua mashuka na jinzi, umempa na yeye riziki. Pasi piga Jumapili ukitoka ibadani, kabla hujakaa, maana ukishakaa hutanyanyuka. Halafu saa tisa mpaka saa kumi na mbili ziwe zako, hata kama ni hizo tatu peke yake, simu ya wateja izime au mpe kijana wako wa dukani akupokelee, waandikie kwenye status kwamba Jumapili jioni duka halijibu mpaka Jumatatu saa mbili. Wateja wa kweli wanazoea ndani ya muda mfupi. Na kikao cha Jumapili, omba udhuru bila kuona aibu, wewe una siku moja na wao wana mbili.

Muuza_Spea

Hiyo ya status naiweka leo. Jioni za Jumatano mpaka Alhamisi nitaongea na wife tuone nani anashika ipi, nitaleta mrejesho hapa.